Viwavi wa Siku Arobaini na Tisa

Jumatatu, 10 Juni

Dada yangu Yudron alifariki jana asubuhi, mvua ya kwanza ya maana ikiwa ndiyo inaanza. Alikuwa amekaa kitandani akisubiri chai yake ya siagi na chumvi. Chai ilipofika, yeye hakuwepo tena.

Leo Geshe Lhundup, mtawa msomi wa Kibudha wa kambi yetu ya wakimbizi, ametukumbusha masharti. Kwa siku arobaini na tisa fahamu ya marehemu, iliyoachana na mwili, hutangatanga kati ya maisha yaliyokwisha na yale yatakayoanza. Hutuona. Wema tunaoufanya kwa jina lake huisukuma mbele. Uhai tunaoukatisha kwa ajili yake huivuta chini, pengine hata kwenye uzao wa mnyama. Kwa hiyo hapa nyumbani hakuna kuua kitu chochote, hata mbu, hadi Jumamosi ya tarehe 27 Julai. Kila Jumamosi tutamsomea sala.

Mpwa wangu Ngodup, mwanawe wa pekee, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni na matope magotini. Kisha akarudi shambani.

Jumatano, 12 Juni

Mvua kutwa.

Jumamosi, 15 Juni

Jumamosi ya kwanza ya sala. Geshe alisoma vizuri, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ngodup aliketi karibu na viatu vya watu, akatoka mara mbili kujibu simu ya mtu wa trekta. Nilimtazama, naye akajua ninamtazama.

Sijawahi kumwelewa mtoto huyu, ingawa ana miaka arobaini na sita na huenda si haki kumwita mtoto. Nilimfundisha shuleni hapa hapa kambini, historia na maandishi ya lugha yetu. Vitabu vilimpita bila kumgusa. Alizaliwa huku kusini mwa India, kwenye joto na udongo mwekundu, na nchi tuliyoikimbia mimi na mama yake ameiona ukutani tu, kwenye kalenda. Nilikuwa nikimwambia dada kwamba mwanawe ana imani katika mbolea. Dada alikuwa akicheka, akisema mbolea nayo inahitaji subira.

Jumanne, 18 Juni

Ngodup ameleta jani la mahindi yetu na kuliweka mezani mbele yangu. Lina matundu kama limepigwa risasi. Ndani ya kikunjo chake kiwavi mmoja, kijani kilichofifia, amelala kwenye kinyesi chake mwenyewe.

Hao ndio viwavijeshi. Mwaka jana walimaliza shamba zima upande wa pili wa barabara.

Jumatano, 19 Juni

Tumegombana. Ngodup anataka kupiga dawa wiki hii, viwavi wakiwa bado wadogo, maana wakishazama katikati ya mmea dawa haiwafikii. Nikamwuliza kama amesahau yuko katika siku gani. Akasema hajasahau, ila mahindi nayo hayajui siku.

Kisha akaleta njia ya kambi nzima, ile ile tunayoitumia kwa nyama, wengine wachinje nasi tule. Aajiri vibarua wa kijiji cha jirani, watu wa Karnataka wasio na masharti yetu, wapige dawa wao. Sisi tukae ndani tuzungushe tasbihi.

Nilimweleza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba kwa mafundisho yetu anayeagiza kuua na anayeua wanagawana tendo lile lile, na hakuna anayepata pungufu. Na nyuma ya wote wawili angesimama mama yake, ambaye kwa ajili yake nyumba hii imeweka mwiko.

"Sawa, Mjomba," akasema. "Basi niambie cha kufanya. Usiniambie tu cha kutofanya."

Nililala na swali lile.

Alhamisi, 20 Juni

Nimelipata jibu. Tutawaokota kwa mikono, wakiwa hai, na kuwahamisha.

Ijumaa, 21 Juni

Wazee wamejitokeza kuliko nilivyotarajia. Bibi Sithar, rafiki wa dada tangu walipokuwa wakikata pamoja msitu uliokuwa hapa, amekuja na ndoo tatu na wenzake wanne, wote wenye magoti mabovu. Tunafungua majani ya kati kwa vidole, tunamtoa kiwavi kwa kijiti cha ufagio, tunamtia ndooni pamoja na jani lake ili asife njaa njiani. Ndoo zikijaa tunazipeleka kwenye korongo nyuma ya mikaratusi, mpakani, ambako kuna nyasi tele na si shamba la mtu.

Bibi Sithar aliniona nimesimama nikijinyoosha mgongo. "Mwalimu, miaka yote umewainamisha watoto wetu kwenye madawati. Leo zamu yako, inama."

Tulicheka. Nilifurahi kama ambavyo sijafurahi tangu dada aondoke. Kila ndoo niliitolea dua kwa jina lake.

Jumapili, 23 Juni

Viwavi. Mgongo.

Jumatano, 26 Juni

Viwavi. Mvua ilitukimbiza saa sita. Ngodup anaokota pamoja nasi kila siku, haraka kuliko sisi sote, bila neno. Ninaona kama anatukejeli kwa ile bidii yake.

Jumamosi, 29 Juni

Jumamosi ya tatu. Geshe alitusifu mbele ya watu. Alisema kuokoa uhai ni zawadi kubwa kuliko taa elfu za madhabahuni. Nilinyenyekea, lakini ndani yangu nilivimba, na ninaliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 2 Julai

Leo jambo dogo limeniharibia siku. Bibi Sithar alikuwa ameshika kiwavi mnene kati ya vidole, akanionya nilipomsogezea ndoo kwa haraka.

"Taratibu. Usimbane. Huenda ni Yudron."

Alisema kwa upole, kama mtu anayesema huenda mvua itanyesha. Nimefundisha jambo hili maisha yangu yote: hakuna kiumbe ambacho katika mzunguko usio na mwanzo hakijawahi kuwa mama yetu. Nimelifundisha kwa chaki. Na kwa hesabu ya vitabu vyetu dada hahitaji kungoja siku zote arobaini na tisa, anaweza kuwa ameshazaliwa mahali. Kiwavi yule alikuwa na mstari mweupe usoni, uliogawanyika kuelekea chini kama panda. Nilimtazama nikitafuta sijui nini.

Ngodup alikuwa safu ya pili. Alisikia. Aliweka ndoo yake chini, akaondoka, hakurudi mpaka jioni.

Ijumaa, 5 Julai

Mvua. Viwavi. Tunaowatoa leo ni wengi kama tuliowatoa jana. Nondo zao hutaga usiku wakati sisi tumelala.

Jumanne, 9 Julai

Javarappa amekuja asubuhi. Shamba lake liko ng'ambo ya korongo, yeye ni mwenyeji wa hapa na umri wake ni kama wangu. Alipokuwa kijana alifanya kazi na watu wetu walipofyeka msitu, ndipo alipojifunza lugha yetu, na huizungumza kwa lafudhi ya dada yangu kwa sababu dada ndiye aliyemfundisha.

Hakuvua viatu. Alisimama kizingitini na mfuko wa mbolea mkononi, akaniita nje, akaumwaga mfuko juu ya ngazi. Viwavi, mamia, wakitambaa juu ya viatu vyangu.

"Mwalimu, nimekuja kukurudishia wageni wako. Wamekula, wameshiba, na hawajaaga."

Nilidhani anatania, kwa kuwa siku zote anatania. Nikamwambia aingie anywe chai. Akasema chai atakunywa siku ulezi wake utakapoota tena. Ndipo nilipoelewa. Korongo lina nyasi, ndiyo. Lakini upande wa pili wa nyasi kuna ulezi wa Javarappa, ulioota wiki mbili tu, mwororo. Tumewabeba hadi kwenye chakula chao, mlangoni kwake, kila siku, kwa dua.

"Mimi nilikuwa nawaona," akasema. "Wazee wenye ndoo, wanaenda na kurudi, wanaimba. Nikamwambia mke wangu, watu hawa wana msiba, wanafanya mambo yao ya msiba, tusiwasumbue. Nikawaheshimu. Heshima yangu ndiyo hiyo imeliwa."

Nilisema hatukujua.

"Hamkutazama," akasema. "Yudron angetazama."

Kisha akainama, mzee yule, akaanza kuwarudisha viwavi mfukoni mmoja mmoja, ili tusije tukawakanyaga mlangoni petu katika siku zetu. Nilitaka kumsaidia, akanionyesha kiganja, nikabaki nimesimama.

Jumatano, 10 Julai

Nimeenda kuona. Theluthi ya ulezi wake ni vijiti.

Nyumbani Bibi Sithar anasema tuwapeleke mbali zaidi, kwenye msitu wa serikali. Nilimwuliza nyuma ya msitu kuna shamba la nani. Akakasirika.

Alhamisi, 11 Julai

Nilikwenda kwa Geshe. Nilimweleza yote, nikamwuliza kama yapo maandiko yanayoruhusu dawa kwa hali kama hii. Alinisikiliza akimenya chungwa. Akasema anayajua maandiko ninayoyatafuta, nami ninayajua, na hayahusu mahindi.

Nikamwuliza basi tufanye nini.

"Unataka nikuruhusu," akasema, "ili likitendeka liwe langu."

Akanipa nusu ya chungwa. Nilitoka nimemchukia kidogo.

Jumamosi, 13 Julai

Jumamosi ya tano ya sala, na Ngodup hakuhudhuria. Mwana wa pekee. Geshe alisoma, nafasi ya mwana ikabaki mkeka mtupu. Sikusikia hata neno moja la kisomo kwa hasira.

Jumapili, 14 Julai

Mkewe, Lhakyi, ameniambia alikokuwa. Alikuwa kwa Javarappa tangu alfajiri, akiokota viwavi katika ulezi. Huko nako kwa mikono, wakiwa hai. Kisha akakaa na mzee wakapiga hesabu. Javarappa anaweza kupiga dawa kwake, vibarua wake hawana shida na hilo. Lakini kupiga shamba lake peke yake hakufai kitu wakati letu linamlea nondo na kumtuma kila usiku. Lazima yapigwe yote mawili kwa pamoja. Na ulezi hautafika tarehe 27. Tukingoja siku za dada ziishe, Javarappa havuni.

Lhakyi aliyasema haya akiosha vyombo, akiwa amenipa mgongo. Sikumwambia kuwa jana nilikuwa nimeshamhukumu mumewe.

Jumanne, 16 Julai

Ngodup amekuja chumbani kwangu jioni na kuketi sakafuni, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa mwanafunzi. Alisema ameamua. Siku ya kwanza ya ukavu atapiga dawa, shamba letu na la Javarappa.

Nilimkumbusha tena, kwa sauti ambayo hata mimi sikuiamini, kuhusu mama yake. Akasema kila akifumba macho anamwona ndani ya jani, kwa hiyo nisimkumbushe.

Nikasema basi, ikiwa ni lazima, awaachie vibarua wa Javarappa. Mimi, niliyemfokea kwa wazo hilo hilo mwezi uliopita.

"Hapana, Mjomba. Nikimtuma mtu, nitakuwa nimeua wadudu na nimemchafua mtu. Nikifanya mwenyewe nitakuwa nimeua wadudu tu."

Nimesoma vitabu vya karma kwa miaka sitini. Nimeandika pembeni mwa kurasa zake. Sikumbuki kama niliwahi kuifikiria kutoka upande huo, upande wa yule anayetumwa.

Nilimwambia nitakwenda naye. Akasema mimi ni mzee. Nikasema wazo la korongo lilikuwa langu, na kama ni tendo, nusu niandikiwe mimi. Akasema kwa mafundisho yangu mwenyewe halina nusu, kila mmoja anabeba zima. Nikasema ninajua. Akacheka kidogo puani, kama mama yake.

Jumatano, 17 Julai

Mvua.

Alhamisi, 18 Julai

Mvua. Dawa ingeoshwa yote. Ngodup anakaa barazani akitazama mawingu. Lhakyi amehesabu mistari ya ulezi iliyobaki kwa Javarappa, kisha akaniomba nisimwulize ni mingapi.

Ijumaa, 19 Julai

Mvua. Ninajikuta ninaomba iendelee, nipate kutokuwa na chaguo. Kisha ninamfikiria Javarappa ameinama kizingitini, ninaacha kuomba.

Jumamosi, 20 Julai

Kulikucha bila wingu hata moja. Jumamosi ya sita. Siku ya sala yake.

Tulitazamana uani, mimi na Ngodup. Redio ilikuwa imesema mvua inarudi kesho na haitakatika wiki nzima. Lhakyi alikwenda kumwambia Geshe kwamba leo tutachelewa. Hakusema kwa nini, naye hakuuliza.

Javarappa alikuwa ameshafika kwenye mpaka na pampu yake mgongoni. Alipoona tumevaa vitambaa usoni alisema, "Mwalimu, umependeza. Mke wangu akikuona hivyo ataficha kuku." Hakuna aliyecheka, naye hakutegemea tucheke. Alimpa Ngodup kofia yake, kwa kuwa dawa hurushwa na upepo.

Kazi yangu ilikuwa kuchanganya. Kifuniko kimoja cha dawa, ndoo ya maji, kijiti. Harufu yake ni tamu kidogo, jambo ambalo sikulitarajia. Mara ya kwanza nilimwaga dawa nje ya kifuniko. Mara ya tatu mkono ulikuwa umeshazoea, na hilo ndilo lililonitisha.

Kabla ya kuanza, Ngodup alisimama kwenye kona ya shamba na kuvuta kitambaa kutoka kinywani. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mama yake kutoka chumba cha pili:

"Mama, hili si lako. Hatulifanyi kwa jina lako wala kwa ajili yako. Ni langu mimi. Usitazame huku. Nenda."

Nilianza kusoma dua ya wanaokufa, taratibu, kwa ajili ya viwavi. Ngodup akageuka.

"Mjomba, usisome. Ukisoma nitasikia kama tunawadanganya."

Nikaacha. Kwa hiyo kilichosikika asubuhi nzima ni pampu tu, katika shamba letu na la Javarappa, safu kwa safu. Ngodup alipiga dawa kila mmea katikati, akiinama na kuangalia ndani kwanza. Nilimwambia hana haja ya kuangalia. Akasema ana haja.

Saa nane tulimaliza. Tulioga kwa sabuni mara mbili na kwenda kwenye sala kwa kuchelewa, nywele zetu mbichi. Kila mtu alijua. Harufu ya dawa ilikuwa imeingia kwenye kucha zangu, na nilipounganisha viganja niliinusa.

Jumapili, 21 Julai

Mvua imerudi. Wamekufa. Wananing'inia kwenye majani, weusi, laini. Ngodup alipita safu zote bila koti, akarudi akalala saa moja jioni.

Bibi Sithar amepita barabarani bila kuingia. Nilimwita, nikamwambia chai iko tayari. Akasema ameshakunywa.

Jumanne, 23 Julai

Javarappa ametuma ujumbe kupitia Lhakyi kwamba ulezi uliobaki umesimama, na kwamba palipoliwa atapanda dengu. Hakusema asante, na ningeona aibu kama angesema.

Jumatano, 24 Julai

Nilikwenda kwa Geshe kumwambia kwa kinywa changu. Aliniuliza kama tulifurahi wakati tukifanya. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimejuta. Nikafikiri sana, kwa maana nilijua majuto hupunguza uzito, na nilitamani kupunguziwa.

Nikasema nimehuzunika, lakini wakirudi kesho nitachanganya tena.

"Basi usiniombe niseme ni safi," akasema.

"Sikuombi."

"Na dada yako?"

Nikamwambia alichosema Ngodup kwenye kona ya shamba. Geshe akazungusha tasbihi yake mara kadhaa, kisha akasema Jumamosi karatasi ya jina la marehemu, ile inayochomwa siku ya mwisho, ashike Ngodup. Nilikuwa nimedhani atampa mtu mwingine. Ninadhani hata yeye alikuwa amekusudia hivyo, hadi dakika ile.

Jumamosi, 27 Julai

Siku ya mwisho.

Watu walikuwa wachache kuliko Jumamosi ya tatu. Bibi Sithar alikuja, akaweka siagi ya taa mbele ya madhabahu, akaketi mbali nasi, akitazama ukuta. Javarappa alikuja akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kichane cha ndizi mkononi, kwa kuwa kwao hakuendwi mikono mitupu kwa mtu anayesafiri. Aliketi karibu na viatu, mahali pale pa Ngodup.

Geshe alisoma hadi mwisho. Karatasi yenye jina la dada ilisimamishwa kwenye kijiti mbele ya mwanawe. Wakati wa kuichoma kila mmoja wetu hutoa ombi lake, na ombi lenyewe linajulikana, hurithiwa kama mavazi: azaliwe binadamu, mwenye viungo vyote, katika nchi yenye mafundisho, kwa wazazi wema. Nimelisema kwa ajili ya mamia ya watu wetu waliofia huku, mbali na kwao. Ngodup alisogeza karatasi kwenye taa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengojea kuambiwa kitu.

Nilikuwa niombee uzao wa binadamu, lakini nikaacha, kwa kuwa sikujua tena kama nina haki ya kumchagulia. Jina lilikuwa limeshaanza kuungua kutoka herufi ya mwisho. Nikasema kwa sauti, Ngodup akasikia, hata Bibi Sithar aligeuka:

"Dada, uzaliwe popote. Na kama utakuwa mdogo, huna jina, umejikunja ndani ya jani kwenye shamba la mtu, basi mwenye shamba awe mtu kama mwanao."